KABLA YA KUTOA USHAURI: MASOMO YA BIASHARA YATUPASAYO KUCHAGUA

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumepewa fomu za kuchagua tahasusi za Kidato cha Tano na vyuo. Bwenini kwetu, kila usiku kabla ya taa kuzimwa, maneno ni hayo hayo: "Wewe umejaza nini?" Mmoja anataka udaktari, mwingine uhandisi, mwingine ualimu. Mimi nilisema nataka kusoma biashara ili niwe mshauri, yaani yule ambaye katika vibao vya miradi huandikwa "Mshauri Mwelekezi". Wenzangu walicheka. Nilipomwambia baba yangu, yeye hakucheka, bali aliuliza swali:

"Mwanangu, hapa Delta ushauri tunapeana bure, na mwingine tunapewa hata bila kuuomba. Nani atakulipa kwa maneno?"

Swali hilo ni zuri, na sikuweza kulijibu siku ile. Nimeandika makala haya ili nimjibu baba, na pia niwasaidie wenzangu wanaotaka kwenda njia hii. Nataka kueleza kazi ya ushauri ni ipi, ni masomo gani ya biashara yatupasayo kuyachagua, na yapi yatangulie. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha.

KAZI YA MSHAURI

Mshauri wa biashara huitwa na mtu, chama, kampuni au serikali yenye jambo linalowatatiza. Pengine duka linauza sana lakini fedha hazionekani. Pengine chama cha wakulima kinataka kujua kama inafaa kununua mashine. Mshauri huuliza, hupima, hulinganisha njia mbalimbali, kisha hueleza ipi inafaa na kwa sababu gani. Basi halipwi kwa maneno, hulipwa kwa kupima. Mtu asiyepima akatoa maneno tu, huyo baba amesema kweli, hastahili kulipwa.

Kazi hii si ngeni duniani. Kampuni ya McKinsey, ambayo ni maarufu sana kwa kazi hii, ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1926. Mwanzilishi wake, James O. McKinsey, alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia: mtu huyo aliyetoa ushauri kwa wenye viwanda na maduka makubwa alianza kwa kujua kusoma vitabu vya hesabu.

KOSA LANGU

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilikwenda nyumbani kwa likizo ya Juni. Kwetu ni ndani ya Delta, na mtu akitoka hapa Kibiti hana budi kufika pwani na kupanda boti katikati ya mikoko, akifuata maji kujaa na kupwa. Mama yangu yumo katika kikundi cha akina mama saba wanaoweka akiba. Msimu ule walikuwa wamenunua mpunga kilo 1,000 kwa shilingi 900 kila kilo, yaani walitoa shilingi 900,000. Mnunuzi mmoja alikuja na boti yake akataka kuununua hapo hapo kwa shilingi 1,000 kila kilo. Wangepata faida ya shilingi 100,000 bila kuondoka kijijini.

Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza faida na hasara darasani, na kalamu ilikuwa inaniwasha mkononi. Nikawaambia wasiuze. Niliwaandikia hesabu hii: mpunga kilo 1,000 ukikobolewa Kibiti utatoa mchele kilo 700. Mchele ni shilingi 1,800 kila kilo, jumla 1,260,000. Ukitoa bei ya mpunga 900,000, boti 60,000 na kukoboa 50,000, inabaki faida ya shilingi 250,000. Akina mama walifurahi wakasema, "Kumbe shule ina maana!"

Bibi mmoja, ambaye ndiye mkubwa wao, akasema polepole, "Mjukuu wangu, mpunga wa mwaka huu umevunwa na mvua."

Mimi nikamjibu, "Bibi, hesabu ni hesabu." Naona haya kuyaandika maneno hayo, lakini ndiyo niliyosema.

Yaliyotokea ni haya. Mpunga ulikuwa haujakauka sawasawa, kwa hiyo mashine iliuvunja. Badala ya kilo 700 za mchele tulipata 600, tena nyingi zilikuwa chenga. Wanunuzi hawakutoa 1,800, walitoa 1,650. Basi tulipata shilingi 990,000 tu. Na gharama nazo zilikuwa zaidi ya nilizoandika. Wapagazi wa kupakia na kupakua walichukua 30,000. Lori kutoka pwani mpaka Kibiti 40,000. Magunia mapya 10,000. Nauli na chakula cha akina mama wawili waliofuatana na mzigo kwa siku nne, pamoja na siku ya kungoja maji yajae, 40,000. Gharama zote pamoja na bei ya mpunga zikawa shilingi 1,130,000. Hasara ni shilingi 140,000, yaani kila mama alipoteza shilingi 20,000. Mimi sikupoteza hata senti moja.

Hapo ndipo linapoonekana jambo kubwa la kazi hii. Anayetoa ushauri si yeye anayelipa ukiwa mbaya. Mama yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Daftari lile liweke, utalihitaji." Nimeliweka mpaka leo.

Niliporudi shuleni nilizipitia hesabu zile na mwalimu wetu wa biashara. Alinionyesha kwamba hata kama mchele ungetoka kilo 700 na kuuzwa kwa 1,800, gharama nilizosahau zingenibakizia faida ya shilingi 130,000 tu. Hiyo ni shilingi 30,000 zaidi ya ile ambayo akina mama wangeipata kwa kuuza nyumbani bila taabu. Kwa shilingi 30,000 niliwaingiza watu saba katika hatari. Halafu akaniambia nigawe gharama zote kwa kilo 600. Jibu ni shilingi 1,883 na kitu. Yaani mchele ule usingeuzwa kwa bei hiyo, hasara ilikuwa lazima. Hesabu hiyo moja, kama ningeifanya kabla, ingetosha kunifunga mdomo.

MASOMO YATUPASAYO KUCHAGUA

Katika vyuo vya biashara kuna masomo mengi, na mengine yana majina matamu: mikakati, uongozi, ujasiriamali. Sisi vijana huvutwa na majina. Lakini nikilitazama daftari langu, naona kila shilingi tuliyopoteza ina somo lake, nayo masomo yenyewe ni yale ambayo wengi huyakimbia.

La kwanza ni uhasibu, na hasa hesabu za gharama. Uhasibu wa kawaida hutufundisha kuandika yaliyokwisha kutokea. Hesabu za gharama hutufundisha kutazama mbele: gharama ipi haibadiliki hata mzigo ukiwa mdogo, ipi huongezeka kila kilo inapoongezeka, na bei ipi haileti faida wala hasara. Nauli ya wale akina mama wawili ingekuwa ile ile hata kama mzigo ungekuwa kilo 500 au 2,000. Jambo hilo peke yake lingeweza kubadili uamuzi wetu. Tena somo hili hufundisha kuhesabu faida ya njia uliyoiacha. Hasara yetu kitabuni ni 140,000, lakini tuliacha pia 100,000 za yule mnunuzi wa boti. Ukilinganisha njia mbili zile, tofauti ni shilingi 240,000.

La pili ni takwimu. Mimi niliandika kilo 700 kama kwamba nimeziona. Nilizipata wapi? Nilimsikia mtu mmoja akisema. Takwimu hufundisha kwamba tarakimu moja haitoshi, na kwamba yafaa kujua mchele hutoka kilo ngapi mwaka mzuri, ngapi mwaka mbaya, na mara ngapi miaka mibaya hutokea. Laiti ningewauliza watu kumi wenye mashine, ningejua kwamba 700 ni bahati na si kawaida. Anayeogopa hesabu asidhani ataweza kuipita kazi hii pembeni.

La tatu ni uchumi. Huu hutueleza kwa nini bei hupanda na kushuka. Mchele unapofika sokoni kutoka kila upande wakati wa mavuno, bei haiwezi kukaa pale pale. Mimi niliichukua bei ya mwezi Mei nikaitumia mwezi Juni.

La nne ni sheria, pamoja na mazingira. Kwetu Delta jambo hili tunalijua vizuri. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa ya kufuga kamba katika maelfu ya hekta za Delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya nchi yetu. Karatasi za kampuni zilionyesha fedha nyingi za kigeni. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira waliipima taarifa hiyo wakashauri mradi ukataliwe. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliukubali. Wanakijiji wa Delta wakaenda Mahakama Kuu kuupinga, na mwishowe mradi haukufanyika. Mshauri aliyejua faida tu, asijue haki ya ardhi wala kazi ya mikoko katika kuzaliana kwa kamba na samaki, asingeweza kuona kwa nini watu walikataa mali.

La tano ni lugha na uandishi. Wengi hudhani hili si somo la biashara. Lakini mshauri akimaliza kupima, hana budi kuandika taarifa itakayosomwa na mtu mwenye haraka. Tena hana budi kuuliza maswali kwa lugha ambayo mwenye shamba huitumia. Vyuo vingi vya biashara duniani hufundisha kwa visa vya kweli. Wanafunzi husomewa habari za biashara fulani, kisha hubishana nini kifanyike. Shule ya Biashara ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo iliyoisifisha njia hiyo. Njia hiyo ni nzuri, maana humzoeza mtu kusikiliza wenzake kabla ya kuamua. Lakini kisa cha kitabuni hakimnyang'anyi mtu shilingi zake 20,000. Kwa hiyo nasema tuanze na visa vya nyumbani.

Baada ya hayo matano ndipo yaje masomo ya masoko, uongozi na mikakati. Sisemi hayafai. Nasema ni paa, na paa halitangulii kuta.

FUNZO LA MWAKA 1972

Wazazi wetu wazee watakumbuka Madaraka Mikoani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali yetu iliwaita washauri wa McKinsey, kampuni ile ile niliyoitaja, wasaidie katika mpango wa kupeleka madaraka ya utawala mikoani na wilayani. Mwaka 1972 mpango ulianza, na halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa. Mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikarudi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja serikali za mitaa, na vile vile vyama vya ushirika, yalikuwa makosa.

Sitaki kusema kwamba washauri ndio waliokosea peke yao, kwa kuwa mwenye kuamua ni yule aliyewaita. Lakini tunajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza, mshauri huondoka, na wenyeji hubaki na matokeo kwa miaka 10 na zaidi. Jambo la pili, hata mtu mwenye elimu kubwa hukosea akitazama mpango kutoka juu asisikie sauti ya walio chini. Bibi yetu wa kikundi alikuwa na habari moja tu, ya mvua, nayo ilikuwa na thamani kuliko ukurasa wangu mzima.

NJIA ZILIZO MBELE YETU

Kwa wenzangu wanaojaza fomu, nieleze njia kwa ufupi. Anayekwenda Kidato cha Tano anaweza kuchagua Uchumi, Biashara na Uhasibu, ambayo imezoeleka kwa jina la ECA. Anaweza pia kuchagua Uchumi, Jiografia na Hisabati, yaani EGM. Zote mbili huelekea vyuo vya biashara. Anayependa kuanza na cheti au stashahada asijione amebaki nyuma. Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa mwaka 1972. Vyote hupokea wanafunzi wa ngazi mbalimbali.

Katika vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Biashara, iliyotokana na kitivo kilichoanzishwa mwaka 1979. Chuo Kikuu Mzumbe, mkoani Morogoro, kilianza kama shule ya serikali za mitaa mwaka 1953 kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Na anayetaka kuwashauri wakulima asisahau Moshi, ambako chuo cha ushirika kilianza mwaka 1963 na kufanywa chuo kikuu mwaka 2014. Kwa wilaya kama yetu, yenye korosho, ufuta, mpunga, nazi na samaki, na ambayo wakulima wake wengi huuza kwa njia ya vyama, naona elimu ya ushirika ina nafasi kubwa kuliko tunavyodhani.

Zaidi ya hayo, anayetaka kuitwa mhasibu kamili hana budi kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Na wote walioitangulia njia hii husema yafaa kufanya kazi miaka kadhaa katika biashara ya kweli kabla ya kuwashauri wengine. Utamfundishaje mtu kuogelea nawe hujalowa?

JIBU LANGU KWA BABA

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani. Niliwaomba radhi akina mama wote saba mbele ya mama yangu. Bibi aliniuliza, "Safari hii utauliza kwanza?" Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Basi wakanipa daftari la kikundi niliandike vizuri. Kwa wiki tatu sikutoa ushauri wowote. Niliuliza na kuandika: mpunga hukaushwa siku ngapi, boti hutoza kiasi gani maji ya bamvua na kiasi gani maji mafu, gunia moja hupungua uzito gani likikaa mwezi.

Mwisho nikawasomea. Bibi alisikiliza, kisha akasema kwamba kikundi kikinunua maturubai mawili ya kuanikia, mpunga utakauka hata mwaka wa mvua, na yule mnunuzi wa boti ataongeza bei. Mimi nilikokotoa tu: akiongeza shilingi 50 kila kilo, kilo 1,000 huleta shilingi 50,000 zaidi. Walipima nyongeza hiyo na bei ya maturubai, wakakubaliana kununua. Ushauri ulikuwa wa Bibi, na hesabu zilikuwa zangu. Nadhani hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Katika fomu yangu nimejaza ECA kwanza na EGM pili. Baba ameisoma akaweka sahihi. Nilimwambia kwamba mshauri halipwi kwa maneno, bali kwa kuuliza, kupima na kuandika ukweli hata usipopendeza. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hapo sawa. Lakini zile 20,000 za mama yako bado hujalipa." Ni kweli, sijalipa. Nimeandika deni hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, nalo ni shilingi 140,000 za watu saba. Nimeazimia liwe la kwanza kulipwa nitakapopata ujira wangu wa kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kama mchele ungetoka kilo 650, na gharama zote zikabaki shilingi 1,130,000, kilo moja ingepasa kuuzwa kwa bei gani ili pasiwe na faida wala hasara?

2. Katika gharama za safari ile, ni zipi zisingeongezeka kama mzigo ungekuwa kilo 1,200?

3. Waulize nyumbani kwenu ni zao gani huuzwa na kikundi au chama. Andika gharama zake zote, kisha mwonyeshe mtu mzima mmoja akuambie umesahau ipi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne